Wachina wa Zamani na Karatasi Tunayoandikia

(Haya ni maneno ya somo la redio kwa madarasa ya watu wazima wanaojifunza kusoma na kuandika. Mliolisikia redioni, lisomeni tena polepole. Ambao hamkulisikia, lisomeni pamoja darasani: mmoja asome kwa sauti, wengine wafuate kwa kidole.)

  Mwalimu wa darasa, tafadhali hakikisha kwamba kila mtu ana daftari lake na kalamu yake. Tena, kila mtu awe na kipande kimoja cha gazeti la zamani, au karatasi yo yote isiyotakiwa. Kiwekeni kando. Tutakihitaji baadaye kidogo.

Katika somo lililopita tulijifunza namna ya kuandika barua: tarehe, salamu, habari yenyewe, na jina la mwandishi chini. Leo tutazungumza juu ya kitu kile tunachoandikia. Kitu chenyewe ni karatasi.

Karatasi tunaiona kila siku. Dukani tunapewa njugu ndani ya karatasi. Noti zetu ni karatasi. Risiti ni karatasi, na cheti cha mtoto ni karatasi. Kwa kuwa tunaiona kila siku, hatuulizi ilitoka wapi. Basi leo tuulize maswali matatu. Kabla ya karatasi, watu waliandika juu ya nini? Karatasi ilitengenezwa na nani, na kwa kitu gani? Na ilipokwisha kupatikana, ilibadili nini katika maisha ya watu?

Majibu yake yatatupeleka mbali, katika nchi ya China, iliyo mashariki ya bara la Asia. Wachina wa zamani walivumbua vitu vingi. Wataalamu hupenda kutaja vinne kuwa vikubwa: karatasi, kupiga chapa, dira na baruti. Mwishoni tutagusa dira na baruti. Lakini zaidi tutakaa kwenye karatasi na chapa, maana hizo mbili ndizo zilizotuleta sisi katika darasa hili.

KABLA YA KARATASI

Zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, Wachina waliandika juu ya mifupa ya ng'ombe na magamba ya kobe. Hayo yalikuwa maandishi ya kuagulia. Mfalme alipotaka kujua kama mvua itanyesha, au kama vita vitakwenda vizuri, waaguzi wake waliutia mfupa moto mpaka ukapasuka. Waliyatazama mapasuko hayo wakatoa jibu, kisha wakachonga maneno yao juu ya mfupa ule ule. Kwa hiyo maandishi yale yalikuwa kazi ya mfalme na watu wake. Mkulima hakuwa na mfupa wa kuandikia habari zake.

Baadaye wakaanza kuandika juu ya mwanzi. Waliupasua mwanzi vipande virefu, vyembamba kama kidole, wakavikausha kwa moto. Waliandika kwa burashi na wino, kutoka juu kwenda chini. Kipande kimoja kwa kawaida kilichukua mstari mmoja tu. Vipande vilifungwa pamoja kwa kamba, vikakunjwa kama jamvi. Hicho ndicho kilikuwa kitabu.

Kitabu cha namna hii kilikuwa mzigo. Tena kamba ilipooza, vipande vilimwagika, na msomaji hakujua kipi kitangulie na kipi kifuate.

Sikilizeni habari ya mfalme mmoja aliyeitwa Qin Shi Huang. Huyu ndiye aliyeziunganisha nchi za China chini ya utawala mmoja mwaka 221 kabla ya Kristo. Mwandishi maarufu wa habari za kale, Sima Qian, anatuambia kwamba mfalme huyu aliyapima maandishi ya kazi yake kwa mizani. Kila siku alijipangia kusoma maandishi yenye uzito wa karibu kilo 30, wala hakupumzika kabla ya kumaliza. Hebu fikirini. Kilo 30 ni sawa na ndoo moja na nusu ya maji, zile ndoo za lita 20. Huo ulikuwa uzito wa barua za siku moja!

Palikuwa na kitu kingine cha kuandikia, nacho ni hariri. Hariri ni nyepesi, nayo hukunjika vizuri. Walakini bei yake ilikuwa kubwa. Basi Wachina walikuwa katika shida hii: mwanzi ni mzito, na hariri ni ghali. Mtu asiye na wachukuzi wala fedha, angesoma nini?

CAI LUN NA TAKATAKA ZAKE

Mwaka 105 baada ya Kristo, mtumishi mmoja wa nyumba ya mfalme alimpelekea mfalme wake habari mpya. Mtumishi huyo aliitwa Cai Lun. Jina lake hutamkwa karibu na "Tsai Lun". Alikuwa towashi, yaani mwanamume aliyehasiwa ili atumike ndani ya jumba la mfalme. Kazi yake ilikuwa kusimamia mafundi waliotengeneza panga na vyombo vya mfalme. Kwa hiyo alizoea kukaa na mafundi na kutazama mikono yao.

Cai Lun alileta kitu cha kuandikia kilicho chepesi kama hariri, tena cha bei ndogo. Alikitengeneza kwa vitu gani? Si kwa dhahabu wala kwa fedha. Kitabu cha habari za wakati ule kinavitaja vitu vyenyewe: magome ya miti, mabaki ya nyuzi za kusokotea kamba, matambara, na nyavu kuukuu za kuvulia samaki. Ndugu zangu, hizo ni takataka. Ni vitu ambavyo mtu huvitupa jalalani. Cai Lun aliviokota, akavifanya kuwa kitu cha kushika maneno ya watu.

Lazima tuseme kweli hapa. Cai Lun hakuwa mtu wa kwanza kabisa. Wachimbaji wa mambo ya kale wamepata katika China vipande vya karatasi vilivyotangulia wakati wake kwa zaidi ya miaka 200. Kimoja kilipatikana mahali paitwapo Fangmatan, nacho kina mistari ya ramani. Kwa hiyo walikuwako mafundi waliomtangulia. Karatasi yao haikuwa nzuri sana, lakini njia waliifungua wao. Cai Lun aliitengeneza vizuri zaidi, akaonyesha kwamba inaweza kufanywa kwa vitu rahisi, akaitangaza. Jina lake tunalo kwa sababu liliandikwa. Majina ya wale wa kwanza hatunayo, kwa sababu hakuna aliyeyaandika. Likumbukeni jambo hili, maana tutalirudia.

Cai Lun alipewa cheo kikubwa, na watu wakaiita karatasi ile kwa jina lake. Lakini mwisho wake ulikuwa wa huzuni. Malkia mama aliyemlinda alipokufa mwaka 121, Cai Lun alitakiwa kujibu shtaka la zamani, lililotokana na fitina za jumba la mfalme. Hakwenda. Alioga, akavaa mavazi yake mazuri, akanywa sumu, akafa. Karatasi yake haikufa.

NAMNA WALIVYOITENGENEZA

Sasa chukueni kile kipande cha gazeti. Msikikate kwa kisu. Kichaneni kwa mikono, polepole, polepole sana. Haya, kiinueni mbele ya taa au mbele ya dirisha, mtazame mahali kilipochanika. Mnaona nini?

Mtaona vinyweleo vidogo sana, kama manyoya ya kifaranga. Hivyo vinyweleo ndivyo karatasi yenyewe. Mkeka husukwa. Nguo hufumwa. Lakini karatasi haisukwi wala haifumwi. Ni nyuzinyuzi ndogo za mimea zilizolala juu ya nyingine na kushikana zilipokuwa zikikauka.

Wachina walifanya hivi:

1. Walimenya magome ya mti, hasa mti mmoja wa jamii ya mforsadi, wakayaloweka majini siku nyingi.

2. Waliyachemsha pamoja na majivu au chokaa, ili yalainike na uchafu utoke.

3. Waliyaosha, wakayatwanga mpaka nyuzinyuzi zikaachana.

4. Walizitia nyuzinyuzi hizo katika chombo kikubwa cha maji, wakakoroga. Maji yakawa kama uji mwepesi.

5. Walizamisha ndani yake chujio pana, wakaliinua likiwa limelala sawasawa. Maji yalichuruzika. Nyuzinyuzi zilibaki juu, zimetandazika kama shuka nyembamba.

6. Waliibandua shuka ile, wakaigandamiza ili maji yatoke, kisha wakaianika mpaka ikakauka. Hiyo ndiyo karatasi.

Mama zetu mnaochuja tui la nazi mtaelewa upesi kuliko wengine. Ninyi huweka tui na kutupa machicha. Mtengenezaji wa karatasi hufanya kinyume: huyaacha maji yaende zake, huyaweka machicha.

Viwanda vya leo vina mashine kubwa, na hutumia zaidi miti iliyosagwa. Lakini mwendo wa kazi ni ule ule: saga, tia majini, chuja, gandamiza, kausha. Daftari mlilo nalo mikononi limepita njia hiyo.

KARATASI YASAFIRI

Ujuzi huu ulitoka China ukaenda Korea na Japani. Upande wa magharibi ulifuata njia za misafara, ukafika katika mji wa Samarkand, ulio katika nchi ya Uzbekistan ya leo. Karatasi ya Samarkand ilisifiwa sana. Mwishoni mwa karne ya 8 karatasi ilitengenezwa Baghdad, na mjini humo palikuwa na mtaa wa wauza karatasi na vitabu. Kutoka nchi za Waarabu ujuzi ulikwenda Misri, Moroko na Hispania, na katika karne ya 13 Waitalia nao walikuwa wakitengeneza karatasi. Hesabuni: kutoka kwa Cai Lun mpaka Italia ilipita zaidi ya miaka 1,100.

Nasi watu wa pwani ya Afrika ya Mashariki tuliipata kwa njia ya bahari na biashara. Neno letu "karatasi" tumelipata kwa Waarabu, wanaosema qirtas. Waarabu nao asili yake waliipata kwa Wayunani, ambao kwa neno hilo walitaja kile kitu cha kuandikia kilichotengenezwa Misri kwa mafunjo. Kwa hiyo neno ni la zamani kuliko karatasi yenyewe. Kitu kipya kilipokuja, kilivaa jina la kitu cha zamani.

Ziko barua za Kiswahili za mwaka 1711, zilizoandikwa Kilwa kwa herufi za Kiarabu. Zimehifadhiwa Goa, katika nchi ya Bara Hindi, mpaka siku zetu. Ni miongoni mwa maandishi ya Kiswahili ya zamani kabisa tunayoyajua, na mmoja wa waandikishaji wake ni mwanamke, Fatima, malkia wa Kilwa. Malkia huyo alikwisha kufa zamani, na jumba lake limekwisha kuanguka. Lakini maneno yake yako, na mtu anaweza kuyasoma leo. Karatasi moja nyepesi imeshinda kuta za mawe.

KUPIGA CHAPA

Sasa tumepata karatasi. Lakini kitabu bado kiliandikwa kwa mkono. Ukitaka vitabu 10, mwandishi aandike mara 10. Mkono huchoka, na jicho hukosea. Wachina wakafikiri tena.

Walikuwa na mihuri tangu zamani. Muhuri ni nini? Ni herufi zilizochongwa kinyume, zikitiwa wino na kugandamizwa hutoa maneno yaliyo sawa. Basi walijiuliza: kwa nini tusichonge muhuri ulio mkubwa kama ukurasa mzima?

Wakafanya hivyo. Mwandishi aliandika ukurasa juu ya karatasi nyembamba. Karatasi ilibandikwa juu ya ubao, uso wake chini, ili maneno yaonekane kinyume. Fundi alichonga ubao, akaondoa mahali palipo peupe, akayaacha maneno yameinuka. Kisha ubao ulipakwa wino, karatasi ikawekwa juu, ikasuguliwa kwa burashi kavu. Ukurasa ulikuwa tayari. Wino wenyewe ulitengenezwa kwa masizi na gundi.

Kitabu cha namna hii kilichopatikana China kiko London leo, katika maktaba ya taifa ya Uingereza. Ni kitabu cha dini ya Buddha, kinachoitwa Sutra ya Almasi. Ni karatasi kadhaa zilizounganishwa, urefu wake karibu mita 5, nacho kilikutwa katika pango lililozibwa huko Dunhuang. Kina tarehe yake: mwaka 868. Hakuna kitabu kizima kilichopigwa chapa na kutiwa tarehe ambacho kinajulikana kuwa cha zamani kuliko hiki.

Mwisho wa kitabu kuna maneno machache. Yanasema kwamba mtu aitwaye Wang Jie alikifanya kitabu hiki kwa ajili ya baba yake na mama yake, ili kigawiwe kwa watu wote bila malipo. Mambo yake mengine hatuyajui. Tunajua hilo moja tu: aliwaheshimu wazazi wake kwa kuwapa watu kitu cha kusoma.

BI SHENG, MTU WA KAWAIDA

Kuchonga ubao kulikuwa na taabu yake. Kila ukurasa ulihitaji ubao wake. Kitabu cha kurasa 200 kilihitaji nyuso 200 za kuchongwa, na kitabu kingine mbao nyingine.

Kati ya mwaka 1041 na 1048, mtu aliyeitwa Bi Sheng alipata njia nyingine. Badala ya kuchonga ukurasa mzima, alifanya herufi moja moja. Alichukua udongo wa mfinyanzi, akachonga kila herufi peke yake, akaichoma kwa moto mpaka ikawa ngumu. Alipaka bamba la chuma ulimbo, nta na majivu ya karatasi, akazipanga herufi juu yake. Alipolipasha bamba moto, nta iliyeyuka, na ilipopoa ikazishika herufi. Alipomaliza kupiga chapa, alilipasha moto tena, herufi zikabanduka, akazitumia kwa ukurasa mwingine. Tena alikuwa na mabamba mawili. Moja lilipokuwa likipiga chapa, la pili lilikuwa likipangwa. Kazi haikusimama.

Bi Sheng hakuwa tajiri wala mwenye cheo. Aliyetuambia habari zake ni msomi mmoja wa wakati ule, Shen Kuo, katika kitabu alichokiandika karibu mwaka 1088. Shen Kuo anasema waziwazi kwamba Bi Sheng alikuwa mtu wa kawaida. Anasema pia kwamba kwa nakala mbili tatu njia hii haina faida, lakini kwa mamia au maelfu ni ya upesi wa ajabu. Bi Sheng alipokufa, herufi zake zilichukuliwa na jamaa za Shen Kuo, wakaziweka kwa heshima.

Sasa fikirini. Kama Shen Kuo asingeshika kalamu, leo tungemjua Bi Sheng? Tusingemjua hata kidogo. Kazi yake ingepotea pamoja na jina lake, kama walivyopotea wale mafundi wa kwanza wa karatasi.

Pengine mtauliza: kwa nini njia hii haikuenea haraka katika China? Sababu moja ni maandishi yao. Sisi katika Kiswahili tuna herufi 24 tu, tukihesabu "ch" kuwa moja. Kwa herufi hizo 24 tunaandika kila neno linalosemwa. Mchina hutumia alama kwa maneno, na anayetaka kusoma gazeti lazima ajue alama zaidi ya 2,000. Mpiga chapa alihitaji alama maelfu kwa maelfu, na kuzitafuta kulichukua muda. Kwa hiyo Wachina waliendelea zaidi na mbao. Wakorea walitengeneza herufi za madini, na kitabu chao kimoja cha mwaka 1377 kipo hata leo. Katika Ulaya, Mjerumani Johannes Gutenberg alipiga chapa Biblia kwa herufi za madini karibu mwaka 1455. Herufi zake zilikuwa chache, na karatasi ilikwisha kufika. Kazi ikaenda mbio.

Basi ndugu wanafunzi, mnaposema kwamba herufi ni ngumu, wakumbukeni Wachina na alama zao 2,000. Ninyi mnazo 24, na nyingi mmekwisha zijua.

DIRA NA BARUTI

Sasa maneno machache juu ya vile vitu viwili vingine.

Wachina waliona kwamba sindano iliyosuguliwa kwa sumaku, ikiachwa huru, hugeuka ikaelekea kusini na kaskazini. Yule yule Shen Kuo aliandika habari hiyo. Mwanzoni mwa karne ya 12 nahodha wa China walikwisha kuitumia baharini, siku za giza jua na nyota zisipoonekana. Katika karne ya 15 merikebu za jemadari Zheng He zilifika mpaka pwani yetu. Mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa mbele ya mfalme wa China. Na mwaka 2013, katika kisiwa cha Manda karibu na Lamu, wachimbaji walipata sarafu ya Kichina ya wakati wa mfalme huyo huyo.

Baruti nayo ni mchanganyiko wa shura, kiberiti na makaa. Wachina waliiita "dawa ya moto", kwa kuwa waliipata walipokuwa wakitafuta dawa. Kitabu chao kimoja kinawaonya wachanganyaji, maana baadhi yao waliungua mikono na nyuso, hata nyumba zikateketea. Mwaka 1044 kitabu cha vita kilikwisha kuandika vipimo vyake. Mwaka 1505 Wareno waliishambulia Kilwa na Mombasa kwa mizinga iliyotumia baruti. Kwa hiyo wazee wetu wa pwani walionja vyote viwili vilivyotoka China: dira iliyoleta wageni wa biashara, na baruti iliyobomoa nyumba. Ujuzi hauchagui mwenyewe. Anayechagua ni mtu aliyeushika.

FAIDA YAKE KWETU

Sasa tufunge somo. Tumesikia kwamba maandishi yalianza juu ya mifupa ya mfalme, yakaja juu ya mwanzi mzito na hariri ya ghali, yakafika juu ya karatasi ya matambara. Kila hatua ilipunguza uzito na bei. Na kila bei ilipopungua, mtu mwingine aliweza kuingia.

Ninyi mnajua maana ya kuwa nje. Barua ya mwanao inafika, unampelekea jirani akusomee, na siri ya nyumba yako anaijua yeye kwanza. Umepewa karatasi ya mapatano, unatia kidole gumba, wala hujui umekubali nini. Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Daftari leo ni la bei ndogo. Lililobaki ni mkono wa kuliandika, na mkono huo mnaufundisha kila jioni darasani.

Lakini si mali peke yake ipoteayo bila daftari. Ujuzi pia hupotea. Katika darasa lenu wamo watu wajuao kusuka dema la samaki, kufinyanga chungu kisichopasuka, kutambua mti unaotibu tumbo, au kuhesabu majira ya mvua. Mlifundishwa na watu ambao majina yao hayamo katika kitabu cho chote. Mkifa bila kuandika, majina hayo yatakwenda pamoja nanyi. Wachina wa kale walikuwa na mafundi elfu nyingi. Tunaowajua ni wale walioandikwa.

Kwa hiyo kazi yenu ya juma hili ni hii. Kila mtu aandike katika daftari lake mistari mitano, si zaidi. Aandike kazi moja ya mikono anayoijua vizuri, namna inavyofanywa, tangu mwanzo mpaka mwisho, kama tulivyoandika kazi ya karatasi hapo juu. Na mstari wa mwisho uwe jina la mtu aliyemfundisha. Msione haya kwa herufi zilizopinda. Andikeni tu, kisha wekeni tarehe.

Haya, ndugu wasikilizaji, saa yetu imekwisha. Kwaherini mpaka somo lijalo.

MANENO MAPYA

Towashi: mwanamume aliyehasiwa.
Hariri: kitambaa laini cha nyuzi zinazotokana na viwavi.
Kupiga chapa: kutoa nakala nyingi za maandishi kwa wino na herufi zilizochongwa.
Masizi: weusi unaoachwa na moshi juu ya chungu au ukuta.
Dira: chombo kinachoonyesha kaskazini na kusini.
Shura: chumvi inayotumika kutengeneza baruti.
Mafunjo: mimea ya majini ambayo Wamisri wa kale waliitumia kutengeneza kitu cha kuandikia.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Mwanzi ulikuwa na shida gani kwa mwandishi? Na hariri je?
2. Tajeni vitu vinne alivyotumia Cai Lun.
3. Kuchuja karatasi na kuchuja tui kunafananaje? Kunatofautianaje?
4. Wang Jie aliwaheshimu wazazi wake kwa njia gani?
5. Kwa nini herufi za Bi Sheng hazikuwa rahisi kutumika kwa Kichina?
6. Ni ujuzi gani katika kijiji chenu ambao bado haujaandikwa na mtu?